Hesabu na Homa ya Mtoto: Elimu Nne Zakutana Matungu

Mama wa Matungu anapombeba mwanawe mwenye homa usiku wa manane, hafikirii hesabu. Hufikiria barabara, nauli, na kama kule zahanati dawa ipo au imekwisha. Lakini juu ya mtoto huyo aliyefungwa mgongoni zimeshakutana elimu nne ambazo wengi wetu hudhani kila moja ina nyumba yake na mlango wake: hisabati, fizikia ya nadharia, utabibu, na hii elimu mpya ya mashine zinazojifunza, ambayo mabingwa wake huiita mitandao ya neva. Leo, ndugu msomaji, tuziandame elimu hizo nne tuone zilivyofika kwenye paji la uso wa mtoto yule, na kwa nini sisi watu wa pwani, tuliolelewa katika hesabu za mirathi na za mwezi muandamo, haifai tuzitazame kwa mbali kama meli ipitayo.

Matungu iko katika Kaunti ya Kakamega, jirani na Mumias, nchi ya miwa na ya mto Nzoia. Kwetu si ugenini. Misafara ya pwani iliyokwenda Uganda katika karne ya 19 ilipumzika Mumias kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, na Uislamu uliofika na misafara hiyo upo huko mpaka leo. Tena tuna jambo jingine la ushirika, nalo ni malaria. Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa, ambako ugonjwa huu umekita mizizi kuliko popote nchini Kenya. Na pwani yetu nayo imo katika orodha ya kanda zilizozoea maradhi haya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta vimelea katika damu ya watoto 27 kwa kila 100 waliopimwa ukanda wa Ziwa. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulikuta karibu 19, na pwani karibu 5. Kupungua huko hakukuja kwa dawa peke yake. Kumekuja pia kwa kalamu na karatasi.

MBU SI LAZIMA WAISHE WOTE

Habari hii yaanza na mtu aliyekuwa, miongoni mwa mambo mengine, mshairi. Ronald Ross alizaliwa India mwaka 1857, akawa tabibu wa jeshi la Waingereza, na huku akitunga mashairi na riwaya. Tarehe 20 Agosti 1897, katika mji wa Secunderabad, alipasua mbu akaona kimelea cha malaria ndani ya tumbo lake. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wengi wanaomjua hukomea hapo. Lakini Ross mwenyewe aliiona kazi yake kubwa kuwa ni nyingine: kutafuta kanuni za hesabu za jinsi maradhi yanavyoenea katika umma.

Alikuwa akishindana na watu waliosema hivi: mbu hawahesabiki, hawawezi kumalizwa, basi kupigana nao ni kuchota bahari kwa kijiko. Ross akajibu kwa hesabu. Katika taarifa yake juu ya kisiwa cha Mauritius ya mwaka 1908, na katika kitabu chake cha mwaka 1911, alionyesha kwamba si lazima mbu waishe wote. Kipo kiasi, na idadi ya mbu kwa kila mtu ikishuka chini ya kiasi hicho, malaria hufifia yenyewe ijapokuwa mbu wangalipo. Ni sawa na moto wa kuni: huna haja ya kuondoa kila kijiti, ukizitenga kuni mbalimbali, moto hukosa pa kurukia.

Katika miaka ya 1950 bingwa mwingine wa Uingereza, George Macdonald, aliiendeleza hesabu hiyo akagundua jambo la ajabu: umri wa mbu ni muhimu kuliko wingi wake. Kimelea kikiingia kwa mbu huhitaji siku 10 au zaidi kukomaa kabla ya kuweza kumpata mtu mwingine. Mbu akifa kabla ya siku hizo, amekufa na siri yake. Msomaji mwenye kalamu na afanye hesabu hii mwenyewe. Chukua mbu 100. Ikiwa kila siku wanabaki hai 90 katika kila 100, baada ya siku 10 watakuwa wamebaki kama 35. Ikiwa wanabaki 80 katika kila 100, baada ya siku 10 watabaki kama 11 tu. Na ikiwa wanabaki 70, watakuwa wamesalia 3 hivi. Kupunguza kidogo uhai wa mbu wa siku moja kumeangusha jeshi zima.

Hii ndiyo siri ya chandarua kilichotiwa dawa. Mtu hudhani chandarua ni ukuta wa kumkinga yeye aliyelala ndani. Kwa hesabu za Macdonald, chandarua ni mtego: mbu huja kwa harufu ya mtu, hugusa dawa, na siku zake hukatika. Jambo hili lilijaribiwa kwetu. Kilifi, katika miaka ya 1993 hadi 1995, vijiji viligawanywa kwa kura, vingine vikapewa vyandarua vyenye dawa na vingine vikangoja. Vifo vya watoto wadogo katika vijiji vilivyopewa vilipungua kwa asilimia 33. Baadaye, huko Asembo katika Siaya karibu na Ziwa, uchunguzi kama huo ulionyesha kwamba hata nyumba zisizokuwa na vyandarua zilipata nafuu, maadamu ziko ndani ya mita 300 kutoka kwa jirani wenye vyandarua. Haki ya jirani, tuliyohimizwa sana katika dini yetu, imekuja kuonekana katika jedwali la takwimu.

KURA YA HAKI

Nimetaja kura, na neno hili lataka maelezo, kwani ndani yake mna nusu ya utabibu wa zama hizi. Kura ni neno la Kiarabu tulilolikaribisha kitambo. Waliokaa chuoni wamesoma jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri na mmoja wao, ili pasiwe na upendeleo. Matabibu wa siku hizi hupiga kura kwa sababu iyo hiyo. Daktari mwenye dawa mpya, moyo wake humvuta kumpa yule aliyezidiwa zaidi, au yule ambaye babaye amemlilia, na mwisho asijue kama aliyepona amepona kwa dawa au kwa sababu nyingine. Kura huuondoa mkono wa daktari kwenye mizani. Uingereza walifanya hivyo katika majaribio ya dawa ya kifua kikuu yaliyochapishwa mwaka 1948, yaliyopangwa kihesabu na Austin Bradford Hill, na tangu hapo njia hiyo imekuwa ndiyo shahidi mkuu katika mahakama ya dawa.

Shahidi huyo amepita Kakamega. Mwezi wa Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S katika baadhi ya sehemu za kaunti 8 za magharibi, na Kakamega ni mojawapo. Sehemu za kutangulia zilichaguliwa kwa kura na nyingine zikangoja, ili zilinganishwe. Ghana na Malawi nazo zilifanya vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika Oktoba 2021. Hesabu za mwisho za nchi hizo tatu zilionyesha kwamba vifo vya watoto wa umri wa chanjo vilipungua kwa asilimia 13. Mtu aweza kusema asilimia 13 ni kidogo. Aliyewahi kuchimba kaburi la mtoto hatasema hivyo.

Lakini kura haikuja kutufurahisha tu. Wakati mwingine huja kutuumbua, na hapa kuna kisa ambacho kila mzazi wa Afrika Mashariki angefaa kukijua. Kwa miaka mingi vitabu vya utabibu viliagiza kwamba mtoto anayefika hospitali na homa kali, mikono na miguu baridi, damu haizunguki vyema, atiwe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Ilionekana ni jambo lisilohitaji hoja. Daktari Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake wakataka lipimwe. Watoto 3,141 waliingia katika uchunguzi huo, uliopewa jina la FEAST, katika hospitali 6: nne za Uganda, na Mbale, iliyo jirani na magharibi ya Kenya, ikiwamo, moja ya Kenya, nayo ni Kilifi, na moja ya Tanzania, hospitali ya Teule, Muheza. Watoto wenye kuharisha hawakuhusika, kwani hao maji ni haki yao. Mwezi wa Januari 2011 kamati iliyokuwa ikichungulia hesabu ilisimamisha kazi. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, 10 au 11 walikufa ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakutiwa, walikufa 7.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Matabibu wema, wenye nia safi na vitabu mkononi, walikuwa wakifanya jambo lililozidisha msiba, na hakuna jicho lililoweza kuona. Aliyepona alisemwa amepona kwa maji. Aliyekufa alisemwa alizidiwa. Hesabu peke yake ndiyo iliyoona. Tena hesabu hiyo haikufanywa London wala Chicago. Imefanywa kwa watoto wa Mbale, Kilifi na Muheza.

SUMAKU NA HIFADHI

Sasa tuingie kwenye elimu ya nne, mitandao ya neva, na kwayo fizikia itaingia mlangoni. Mtandao wa neva wa mashine si neva hasa. Ni hesabu nyingi ndogo zilizopangwa safu kwa safu. Kila moja hupokea tarakimu kutoka kwa jirani zake, huzipa uzito, huzijumlisha, na jumla ikipita kiasi fulani hupeleka habari mbele. Wazo hili liliandikwa Marekani mwaka 1943 na Warren McCulloch, tabibu aliyeshughulika na ubongo, na Walter Pitts, kijana wa hisabati. Hapo tayari utabibu na hesabu vimeshikana mikono.

Fizikia ilikuja na John Hopfield mwaka 1982. Bwana huyu alikuwa akitazama sumaku. Ndani ya chuma, kila chembe ni kama sindano ndogo ya dira. Hutazama jirani zake, hugeuka kulingana nao, na jirani nao hugeuka, mpaka zote zikatulia. Hopfield akauliza: je, kumbukumbu ya mtu haiwezi kuwa utulivu wa namna hiyo? Akaonyesha kwa hesabu kwamba yawezekana. Mtandao wake ukipewa kipande tu cha picha uliyoifunza, au picha iliyochafuka, hujigeuzageuza mpaka ukatulia kwenye picha nzima.

Mwenye kuhifadhi Kurani atalielewa jambo hili kuliko wengi. Maalim hutamka neno moja au mawili ya mwanzo wa aya, na mwanafunzi huendelea mpaka mwisho bila kufungua msahafu. Hakutafuta ukurasa, kipande kimeita kizima. Hiyo ndiyo kumbukumbu aliyoitafuta Hopfield katika sumaku.

Mwenziwe, Geoffrey Hinton, aliendelea kwa njia nyingine. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichukua kanuni za Ludwig Boltzmann wa Austria, alizozitunga katika karne ya 19 kueleza mwendo wa chembe za hewa, wakazigeuza kuwa mashine ya kujifunza. Mwaka uliofuata, Hinton pamoja na David Rumelhart na Ronald Williams walieneza njia ya kuirudi mashine: ikikosea mwishoni, kosa hurudishwa nyuma safu kwa safu, na kila uzito hupunguzwa au kuongezwa kidogo. Mara elfu, mara milioni. Ni kazi ya maalim na ubao: soma, umekosea, rudia. Mwaka 2024 Hopfield na Hinton walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, na watu wengi wakauliza mashine inahusu nini na fizikia. Jibu limo katika sumaku na hewa.

Matunda yake yameshafika jirani na Matungu. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, Rose Nakasi na wenzake wameufunza mtandao wa neva kutambua vimelea vya malaria katika damu. Simu ya mkononi huwekwa kwenye jicho la hadubini, hupiga picha ya tone la damu lililopakwa kwenye kioo, na mashine huonyesha palipo na kimelea. Haja ya kazi hii inaeleweka na kila aliyewahi kungoja jibu la maabara: vioo ni vingi, wasomaji wake ni wachache, na jicho la mtu likichoka hupitwa.

Nairobi nako, mwaka 2025, yalichapishwa matokeo kutoka kliniki 15 za Penda Health, ambako matabibu wengine walisaidiwa na mashine ya kampuni ya Marekani, OpenAI, na wengine hawakusaidiwa. Mashine ilisoma maandishi ya tabibu na kumzindua palipo na hatari. Katika ziara 39,849 za wagonjwa, waliosaidiwa walikuwa na makosa machache zaidi kwa asilimia 16 katika kutambua ugonjwa, na kwa asilimia 13 katika matibabu. Ni habari njema, ila isomwe kwa uangalifu: waliochapisha ni wenye kliniki na wenye mashine wenyewe, na upande wa hali za wagonjwa baadaye hesabu haikuonyesha tofauti ya kutegemewa.

MASHINE IMESOMEA WAPI?

Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Mtandao wa neva hujua kile ulichofunzwa, basi. Fikiria mashine iliyofunzwa kwa vitabu vya utabibu vya mwaka 2010. Mtoto wa Matungu aliyepoa mikono na miguu angefikishwa mbele yake, nayo ingejibu bila kusita: mtie maji haraka. Ingenukuu vitabu vyote, na ingekosea pamoja navyo. Kilichosahihisha vitabu si mashine, bali ni watafiti waliopiga kura na kuhesabu katika wodi zetu wenyewe. Bila wao, mashine ingelikariri kosa kwa ufasaha mkubwa zaidi.

Na jambo la pili ni nyuso. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, binti mwenye asili ya Ghana, alipima pamoja na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, mashine za makampuni makubwa zilizodai kutambua mwanamume na mwanamke kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa ya mashine hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mashine hazikuwa na chuki. Zilionyeshwa nyuso za watu wengine kuliko zetu. Ikiwa ni hivyo kwa uso, itakuwaje kwa upele wa ngozi nyeusi, kwa damu yenye seli mundu, ambazo ni nyingi magharibi na pwani pia, au kwa mama anayeeleza maumivu ya mwanawe kwa Kiwanga?

Kwa hiyo picha ya damu ya mtoto wetu na faili lake la hospitali ni mali yenye thamani, na ni amana pia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayoziweka habari za afya katika fungu la habari nyeti. Mzazi anapoombwa ruhusa, ana haki ya kuuliza: itatumiwa kwa nini, itakaa kwa nani, na faida yake itarudi Matungu au itakwenda na kupotea? Kuuliza si utovu wa adabu. Na mtafiti mwaminifu hachukizwi na swali.

HESABU NI URITHI WETU

Wako watakaosema haya ni ya Wazungu. Hao wakumbushwe kitu kimoja tu. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina la elimu ya aljebra limetokana nacho. Na jina lake mwenyewe, lilipopita katika vinywa vya Walatini, likawa algorithimu, neno linaloitwa kila mashine hizi zinapotajwa. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Alitaka mjane, binti na mama wa marehemu wapate mafungu yao bila kupunjwa. Aljebra, basi, tangu ujana wake imetumika kulinda haki ya mnyonge, na masheikh wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliogawa mirathi kwa thumuni na sudusi walikuwa wakiendeleza kazi iyo hiyo.

Kwa hiyo tumwonee haya mtoto wetu anaposema hesabu si yake. Madrasa inayofundisha faraidhi kwa kukariri majibu, bila kumpa mwanafunzi kalamu ayatafute mwenyewe, imempa ganda. Kakamega ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kilifi ina Chuo Kikuu cha Pwani, na kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoshirikiana na Wellcome tangu mwaka 1989. Milango ipo. Binti wa Matungu na kijana wa Malindi wakikutana humo, mmoja akijua takwimu na mwingine akijua wodi, watakuwa na maswali ambayo mtu wa mbali hawezi kuyawaza, kwa kuwa hajawahi kungoja jibu la maabara huku amempakata mtoto anayechemka.

Mtoto wa Matungu ameshahesabiwa: katika uchunguzi wa kitaifa, katika chanjo, na huenda kesho damu yake ikasomwa na mashine. Lililobaki ni yeye mwenyewe afunzwe kuhesabu, ili siku vitabu vitakapokosea tena, awepo mtu wa hapa hapa wa kulipima kosa na kulisema.